Kiatu cha Mabel Ukutani

Wilf Garrod alizaliwa katika nyumba ya shamba ya nguzo na boriti za mwaloni. Aliishi humo hadi mwenye shamba alipowafukuza, kisha akazunguka Suffolk, jimbo la Uingereza, miaka arobaini akikandika kuta za watu wengine. Kwenye nyumba ya kwao hakuwahi kuitwa. Alipita barabarani kwa baiskeli, akaitupia jicho la pembeni, moyo ukamuuma, akakanyaga pedali.

Hayawi hayawi, yakawa. Alipotimiza sabini, Bibi Pryor aliyeinunua nyumba ile akamwita: udongo ulikuwa umebanduka kando ya dohani.

"Na huu ukuta uunyooshe basi, Bwana Garrod. Umepinda."

"Mama, huu mwaloni ulijengewa mbichi, ukajipindia humuhumu miaka mia nne iliyopita. Wewe una hamsini tu na mgongo umeshaanza. Nikunyooshe na wewe?"

Bibi Pryor alicheka, akaenda kuchemsha chai.

Wilf alisogea karibu na ukuta. Alijua kilichomo. Watu wa kule hawakujenga dohani bila kuficha ukutani kiatu kikuukuu, kimoja tu, ili mabaya yasishuke kwa njia hiyo ya moshi. Wilf akiwa na miaka sita, baba yake alikarabati ukuta huo, akatia kiatu cha kushoto cha Mabel, dada yake Wilf wa miaka minne. Mwezi uliofuata Mabel akafa kwa dondakoo. Mama aliomba ukuta ubomolewe apewe kiatu cha mwanawe. Baba, mkaidi yule, akakataa katakata: eti mkosi utaingia. Kana kwamba haukuwa umeshaingia! Mama alitunza cha kulia hadi siku ya kufa, akamkabidhi Wilf. "Uvikutanishe, mwanangu." Asubuhi hiyo kilikuwa mfukoni mwake, kama siku zote.

Alibandua udongo taratibu, ufito kwa ufito. Kikatokea. Kilikuwa kidogo kuliko alivyokumbuka, kifungo chake bado kipo. Wilf akakaa sakafuni, akalia.

Bibi Pryor alirudi na vikombe, akaviona viatu viwili mapajani mwa mzee.

"Jamani! Vya nani hivyo?"

"Vya dada yangu." Akamsimulia yote, na desturi ile ya kuficha kiatu kimoja.

"Basi vichukue, mzee wangu. Mimi sina haki navyo."

Ndilo alilolitamani maisha yake yote. Akavifunga kwenye leso, akasimama. Lakini avipeleke wapi? Kwenye chumba chake cha kupanga, ambako akifa watavitupa? Humu ndimo Mabel alimojifunzia kutembea.

Akafungua leso. Akakanda udongo kwa majani makavu na samadi, akaviweka ukutani viwili pamoja, akakandika.

"Si ulisema huwa kimoja?" aliuliza Bibi Pryor.

"Kimoja ni cha nyumba. Cha pili ni cha mama."

Jioni, njiani, mkono ukaingia mfukoni kama ulivyozoea, ukakuta vumbi la ngozi tu. Akashuka kwenye baiskeli, akageuka, akaitazama nyumba ya kwao kwa macho yote mawili.