Mbwa Aliyelipiwa Kuku

Mkasi wa Wilkista uliharibika kwa sababu ya mbwa. Yeye mwenyewe hakujuta, ingawa alilitaja jambo hilo kila mara mkasi mpya ulipomchubua kidole gumba.

Ilikuwa Januari ya mwaka 2006, wiki ya kufungua shule, wakati mafundi wa Kitale hushona mpaka macho yakawawasha. Wilkista alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka la misumari na mabati, akishona yunifomu. Siku hiyo alisikia kitu kikigonga ukuta nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Ngo. Kimya kidogo. Ngo tena. Akaenda kuangalia, akakuta watu wamesimama wanashika mbavu kwa kicheko. Katikati yao kulikuwa na kitoto cha mbwa, mwili wa mbwa, kichwa cha bati. Kilikuwa kimeingiza kichwa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, kilambe makombo, kisha kikanasa. Sasa kilikuwa kinakimbia bila kuona, kinagonga ukuta, kinaanguka, kinainuka, kinakimbia tena.

Wilkista hakucheka. Alikibana kati ya magoti, akatoa mkasi wake wa kitambaa, ule ambao hata karatasi haukuwahi kukata, akaukata mkebe polepole kuanzia ukingoni. Kichwa kilipotoka, kile kitoto hakikutoroka. Kilimlamba mafuta vidoleni, kisha kikazunguka cherehani mara tatu kwa mbio. Akakiita Mkebe.

Kufikia Julai, Mkebe alikuwa amerefuka miguu kuliko akili. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa kuwa Wilkista alikuwa mtu wa kukaa. Kazi yake ni ya kukaa, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu tangu alipomzaa Pauline, mtoto wake wa pekee, ambaye sasa alikuwa ameolewa Eldoret. Mbwa naye hakujua kukaa hata kidogo. Asubuhi alifuata baiskeli za bodaboda mpaka mwisho wa lami akarudi nazo. Vijana wa baiskeli walimzoea.

"Niaje Mkebe!" walimpigia kelele. "Si upande nikubebe? Leo ni bure!"

Akichoka na baiskeli, ambazo ndizo zilichoka kwanza, alirudi barazani akachukua mkono wa sweta iliyokuwa inangoja vifungo, akapita nao katikati ya wauza mahindi kama mtu aliyetumwa haraka. Wilkista aliinuka, nyonga ikamkumbusha, akakaa tena. Mzazi wa yule mtoto wa sweta alikasirika, na alikuwa na haki.

Lakini kilichomaliza maneno kilitokea nyumbani. Wilkista alipanga chumba kwenye ploti ya Mzee Jairus, vyumba kumi vinavyotazamana, na katikati kamba za nguo. Jumamosi moja Mkebe alipita chini ya kamba kwa kasi na shuka tatu zikatoka naye, zikaenda mpaka kwenye matope ya bombani. Mzee Jairus alikuja jioni, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa adabu, ndiyo maana wapangaji walimwogopa.

"Mama Pauline, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Miaka tisa hatujawahi kukosana. Lakini hii mbwa, bana! Hii si mbwa. Hii ni baiskeli imeshuka mlima, haina breki."

"Bado ni mtoto, Mzee."

"Mtoto ya nani? Mwezi ikiisha, iwe imepata kwao. Ama nitaipatia mtu mimi mwenyewe, na huyo mtu sitamuuliza anaenda kuifanyia nini."

Wilkista alielewa. Alihesabu siku. Zilikuwa kumi na nane.

Mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Mwalimu Bramwel, mwalimu mstaafu aliyekuwa na boma kubwa upande wa juu wa mji, ua wa michongoma pande zote, nyasi za kutosha ng'ombe wanne. Wilkista alikuwa amemshonea suti za kanisani. Alipofika na Mkebe kwenye kamba, aliangalia ule uwanja, moyo ukatulia. Hapa mbwa atakimbia mpaka achoke, kama kuchoka anakujua.

"Nikupe nini, Mama?" Mwalimu aliuliza.

"Usinipe kitu, Mwalimu. Mpe tu nafasi."

Aliharakisha kusema hivyo. Aliona haya kuonekana kama anauza, na aliogopa Mwalimu asije akabadilisha nia. Huko Bungoma alikozaliwa, kukhu wake, yaani bibi aliyemlea, alikuwa akisema mbwa hatolewi bure. Anayempokea hutoa kuku, hata kifaranga. Asipotoa, mbwa anabaki mgeni tu, mguu mmoja bado uko kwa wenyewe. Wilkista aliyajua hayo yote. Siku hiyo aliyaruka.

Wiki moja baadaye alimpelekea mifupa. Uwanja ulikuwa vilevile, nyasi zilikuwa vilevile, lakini mbwa hakuwepo. Alisikia tu sauti kutoka nyuma ya jiko. Ngo, ngo, ngo. Akaijua.

Ilikuwa nyumba ya mbwa, ya mbao, ndogo kama sanduku la kuku, mlango umefungwa kwa waya. Ndani ya giza Mkebe alikuwa amemsikia anakuja, na mkia ndio uliokuwa unagonga mbao.

"Tunamfungia mchana," Mwalimu alimweleza, bila ubaya wowote. "Mbwa akiona watu mchana anazoea. Ukimweka gizani anakuwa mkali. Si unajua, Mama?"

Alijua. Kila boma la Kitale lenye geti lilifanya hivyo, na hata kwao zamani walifanya. Alikuwa amepita visanduku kama hivyo maisha yake yote bila kuuliza aliye ndani anafanya nini kutwa. Siku ile ya kwanza aliangalia ua, akaangalia nyasi, lakini nyuma ya jiko hakuangalia. Kosa lilikuwa lake. Akilini alimwona Mkebe tena akiwa na kichwa cha bati, anagonga ukuta.

Atamwambia nini Mwalimu? Umemtesa? Mzee wa kanisa, mtu aliyemlipa vizuri siku zote? Na kitu ukishatoa, umetoa.

Ndipo akamkumbuka kukhu wake.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilikosea. Sikupokea kuku."

Mwalimu Bramwel alimtazama juu ya miwani.

"Kuku gani?"

"Kuku ya mbwa. Wewe ni Mbukusu kama mimi. Mbwa amekuja kwako bila kuku. Huyu bado hajatoka kwangu."

"Ah! Mama Pauline! Hayo ni mambo ya zamani." Lakini alikuwa ameanza kutabasamu. "Basi ngoja nikushikie moja sasa hivi."

"Aa-a. Kuku hatolewi akiitishwa na mwenye mbwa. Mwenye kupokea ndiye hukumbuka mwenyewe."

Sehemu hiyo ya mwisho kukhu hakuwahi kuisema. Wilkista aliishona papo hapo, na pindo lake halikuonekana.

Mwalimu aliutazama mlango wa waya. Mkia ulikuwa bado unagonga. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mchukue tu. Wiki nzima gizani na bado anatikisa mkia! Huyu hatawahi kuwa mkali. Mwizi akija, atamwonyesha ng'ombe walipo."

Zilibaki siku kumi. Kisha saba. Wilkista aliuliza kila mteja. Wengine walitaka mbwa mkali, wengine walitaka mbwa mdogo, mmoja alitaka mbwa asiyekula. Wakati huu kila aliyekubali aliulizwa kwanza: mchana analala wapi? Wengi walikata tamaa kwa swali hilo, na mmoja alimuuliza kama anatoa mbwa au anaoza binti.

Siku ya tano kabla ya mwisho wa mwezi, mama mmoja alisimama barazani. Alikuwa mwembamba, wa umri kama wa Wilkista, sauti imekauka kama ya mtu aliyetoka kwenye mkutano wa injili.

"Mulembe, fundi. Naitwa Nakhungu, nimetoka Kabuchai, nimekuja kuona dada yangu amejifungua. Nishonee suruali."

"Ya mzee? Umekuja na kipimo chake?"

"Mzee alikufa. Ni yangu."

Wilkista alichukua tepu. Fundi husikia mengi akinyamaza. Alikuwa anapima kiuno wakati Nakhungu mwenyewe alipofungua mdomo.

"Ni ya tumbili," alisema. "Shamba langu liko chini ya kilima. Mahindi yakianza kukomaa, wanashuka. Na tumbili haogopi mwanamke, unajua? Akiona mwanaume anakimbia. Akiniona mimi, anaketi kwa jiwe anakula mahindi yangu akiniangalia. Nimepiga kelele mpaka sauti imeisha. Nimevaa koti ya marehemu, nimevaa kofia. Wananiangalia miguu, wanaona rinda, wanacheka."

"Wanacheka?"

"Mama, wanacheka! Kuna mmoja mzee hana mkia, huyo ndio mwenyekiti."

Wilkista aliacha tepu. Wakati huo Mkebe alirudi kutoka kwa safari yake ya baiskeli, akawazunguka wote wawili, akaenda mpaka kwa kinyozi ng'ambo ya barabara, akarudi, akaenda tena.

"Hii mbwa ni ya nani?" Nakhungu aliuliza.

"Yangu."

"Haichoki?"

"Haichoki."

Wanawake wawili walitazamana. Safari hii Wilkista hakuharakisha.

"Kwako mbwa analala wapi mchana?" aliuliza.

"Kulala mchana?" Nakhungu alishangaa. "Kwani mimi nalala?"

Hata hivyo Wilkista alitaka kuona kwa macho yake. Alimaliza suruali kwa siku mbili, akaomba nafasi kwenye pikapu iliyokuwa inarudisha kreti tupu kuelekea Chwele, akakaa nyuma na Nakhungu, Mkebe miguuni. Kutoka barabarani walitembea kwa miguu, Wilkista akichechemea, mashamba ya miwa upande mmoja na mahindi upande mwingine, mpaka boma la Nakhungu chini ya kilima cha mawe.

Alizunguka nyuma ya jiko kwanza. Hakukuwa na sanduku. Kulikuwa na gunia kuukuu chini ya ghala, na kamba ya kumfunga usiku tu mpaka azoee. Nakhungu alimwacha aangalie kila kitu.

"Umeridhika, mama mkwe?" alimtania.

"Bado. Sijaona kama kazi anaiweza."

Hapo ndipo ilipokuwa hofu yake. Mkebe hakuwa amemwona tumbili hata siku moja. Mbwa asiyejua kukasirika atamfukuza nani? Na asipofukuza, Nakhungu atamlisha kwa nini? Siku zilizobaki zilikuwa mbili.

Walikuja saa sita mchana. Kwanza mmoja juu ya jiwe, kisha wanne, kisha mahindi yakaanza kutikisika pembeni. Mwenyekiti asiye na mkia aliketi mahali pake, hindi mkononi, akalimenya bila haraka kama mtu aliyelipia. Mkebe alisimamisha masikio. Wilkista alifungua kamba.

Mbwa alitoka kwa kasi ile ya siku ya shuka. Hakubweka. Alikimbia moja kwa moja kwa mwenyekiti, mkia unazunguka kwa furaha, ulimi nje, kama anayesema, na nyinyi mlikuwa wapi siku zote? Wilkista alifumba macho. Amekwenda kuwasalimia.

Lakini tumbili hawasomi mkia wa mbwa. Waliona meno, waliona mbio. Mwenyekiti alitupa hindi, akapiga ukelele, na kundi zima likapanda kilima likirukaruka. Mkebe aliwafuata mpaka kwenye mawe makubwa, akawakosa wote, akashuka. Mmoja alijaribu kurudi kwa upande wa chini. Mkebe akaenda. Wawili wakajaribu kwa upande wa miwa. Akaenda. Alipanda na kushuka kile kilima mpaka Wilkista akapoteza hesabu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alirudi akajitupa chini, kifua kinapanda na kushuka, akalala.

"Amechoka," Wilkista alisema. Hakuamini.

Nakhungu alikuwa amekaa. Alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha ndani ya suruali mpya, saa sita mchana, msimu wa mahindi. Kisha aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na Wilkista akasikia kuku wakipiga kelele. Alirudi na tetea mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Mimi si mtoto," alisema. "Mbwa hatoki kwa mtu mikono mitupu."

Wilkista hakuwa amemwambia lolote kuhusu kuku. Alimpokea kwa mikono miwili, akamshika kwapani, na machozi yakamtoka kidogo, akasingizia moshi. Moshi wenyewe haukuwepo.

"Na suruali?" aliuliza akiwa anaondoka. "Sasa huihitaji. Niirudishe?"

"Thubutu! Nimeshaizoea."

Mkebe aliamka, akamfuata mpaka kwenye njia ya miwa. Wilkista hakugeuka, lakini alisikia nyayo zake nyuma, tapu tapu tapu. Kisha kilimani tumbili mmoja akalia. Nyayo zikasimama. Wilkista naye akasimama, kuku kwapani, akasubiri. Mbwa alimtazama yeye, akatazama kilima, akamtazama yeye tena. Halafu akakimbia.

Jioni, Mzee Jairus alikuwa kwenye geti la ploti. Alitazama nyuma ya Wilkista, hakuona mbwa, akavua kofia kwa shukrani. Kisha akaona kwapani.

"Mama Pauline! Ati sasa ni kuku?"

"Kuku ni wa kukaa, Mzee," Wilkista alijibu akipita. "Kama mimi."