Fahali Alipovuka Mawe Mekundu

Zamani, siku za Mwaka Mpya, sisi Wahmong, watu wa milimani, tuliwapambanisha mafahali wetu popote penye nyasi. Siku hizi tunawabana katikati ya mawe yaliyopakwa rangi, safu ya meupe upande wetu, safu ya mekundu upande wa bombi.

Bombi ni vile vibomu vya ukubwa wa ngumi ambavyo ndege zilitumwagia nilipokuwa kijana. Vingi havikulipuka. Vita viliisha kabla Blia hajazaliwa, lakini vyenyewe bado vinangoja ardhini.

Blia ni mke wa Nhiavu, mtoto wa ndugu yangu. Alipoacha jembe akaenda kutafuta bombi kwa mashine, nilisema mengi. Mwanamke wa kwetu kuvaa suruali ya kazi!

"Baba mkubwa," alinijibu, "sketi haijawahi kuzuia bomu."

Mwaka ule fahali wa Nhiavu alikutana na dume la ukoo wa Walor. Pembe kwa pembe, vumbi juu, watu wamepagawa. "Msukume! Mbavuni, mbavuni!" Hata mimi nilirusha fimbo yangu hewani. Ghafla fahali wetu akateleza, akageuka, akakata mbio.

"Huyoo! Kamfuata mama yake!" Walor wakazomea.

Aibu ikampofusha Nhiavu. Akamfukuza fahali wake, akaruka mawe mekundu, akapiga hatua kama arobaini kwenye nyasi.

"Baba Yeng! Ganda hapo hapo!"

Ilikuwa sauti ya Blia, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Mama Yeng," Nhiavu akaita, sauti nyembamba, "mguu mmoja uko juu."

"Urudishe ulipotoka. Taratibu. Usiguse kingine."

Blia akakimbilia gari la kazini, akarudi na mashine. Akaiwasha, ikapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa. Fedha! Mama mkwe wake alikuwa amemvika mkufu mzito, vikuku, na safu tatu za sarafu za kale kiunoni, maana anayeuanza mwaka bila fedha mwilini huukaribisha umaskini nyumbani.

Akaanza kuvua.

"Usivue!" mama mkwe akamshika mkono. "Siku tatu za Mwaka Mpya hazijaisha! Unatuletea mkosi!"

"Mama, unaogopa mkosi au unamtaka mwanao?"

Mama mkwe akamwachia. Kisha, kwa mikono yake mwenyewe, akaifungua kufuli ya mkufu. Wakanimwagia mimi mzigo wote mikononi.

Blia akaingia. Hatua moja, mashine kulia, mashine kushoto. Ilipolia, alipinda, akaacha kipande cha mshipi wake mwekundu juu ya nyasi. Nilihesabu vipande vinne. Cha mwisho kilikuwa karibu na kisigino cha Nhiavu kiasi kwamba angeweza kukigusa kwa mkono.

"Umechelewa," Nhiavu akasema.

"Na wewe umekimbia vibaya kuliko fahali wako. Shika bega langu. Kanyaga ninapokanyaga."

Walipovuka mawe meupe tulipiga mayowe mpaka koo zikauma. Walor ndio waliompokea Nhiavu na kumbeba mabegani. Tukiwa bado tunashangilia, fahali akarudi peke yake, akitafuna, akapita katikati ya vipande vyote vinne kana kwamba anatoka kisimani. Watu walitawanyika! Sijakimbia hivyo tangu utoto.

Baadaye nilihamia mjini kwa binti yangu, ambako Mwaka Mpya ni muziki wa spika na mafahali wanatazamwa kwenye simu. Asubuhi niliyoondoka ndiyo mara ya mwisho kuwaona. Blia alikuwa kwenye nyasi zile zile na wenzake wa kazi, akipima, suruali imejaa matope. Nhiavu alisimama nje ya kamba waliyozungushia, amemshika fahali. Na mama mkwe alikaa juu ya jiwe jeupe, fedha yote mapajani, akimngoja Blia amalize.