Usaili wa Mlango Wazi

Dakika ya kwanza ya usaili, niliinua kompyuta nikawaonyesha maprofesa uvungu wa kitanda changu.

Hakuna aliyeniomba.

Dk. Talha, mwenyekiti wa jopo, alikuwa ameuliza tu, "Dada Auleria, uko na nani hapo?"

Mkono ukafanya ulichozoea. Ukuta, dari, uvungu, kisha masikio yangu yote mawili.

"Unatafuta nini, dada?"

"Naonyesha kwamba sina mtu."

Wakacheka kidogo.

Shahada yangu ya hisabati niliisoma mtandaoni, miaka minne, katika chumba cha kupanga Gongo la Mboto. Kabla ya mtihani unaonyesha kamera chumba kizima na masikio, ijulikane huna mtu wala kifaa cha kunong'onezewa majibu; kisha kamera inabaki inawaka, na mtu akiingia chumbani mtihani unafutwa. Kwa hiyo wapangaji wenzangu walijifunza kutonigongea. Baadaye hawakugonga hata siku zisizo na mtihani.

Sasa nilikuwa naomba kusoma shahada ya uzamili, pamoja na kazi ya kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Bila kazi hiyo nisingeweza kusoma.

"Hesabu unazijua," Dk. Talha akasema baada ya maswali yao. "Wasiwasi wetu ni mmoja. Umewahi kumweleza mtu hesabu, kwa mdomo?"

"Hapana."

"Basi muite mtu yeyote, umweleze jambo moja. Tunasubiri."

Nikaenda kumgongea Farida, muuza vitumbua wa chumba cha pili.

"We si una mtihani?"

"Ninao. Nakuhitaji ndani."

"Makubwa. Leo umeruhusiwa kuongea na watu?"

Akafuta mikono kwenye kanga, akaingia, akaangaza macho. "Kumbe una pazia zuri hivi."

Nikaanza. Katika kundi lolote, lazima wapatikane wawili wanaojuana na idadi sawa ya watu humo ndani.

"Chukua nyumba hii," nikamwambia. "Tupo wapangaji sita. Tuseme kila mmoja ana idadi yake tofauti. Idadi zinazowezekana ni sita tu, sifuri hadi tano, kwa hiyo zote zitatumika. Basi yupo anayejuana na wenzake wote watano, na yupo asiyejuana na yeyote. Sifuri."

"Anayejuana na wote ni mie," Farida akasema. "Sifuri ndo wewe."

"Hao wawili hawawezi kukaa nyumba moja."

"Kisa?"

"Kujuana ni kwa pande mbili. Ukisema unajuana na wote, na mimi nimo."

Akafikiri. Sikumsaidia.

"Mie nakujua," akasema polepole. "Ukikwama unapiga ukuta kwa kisigino. Ukipata jibu unachemsha chai. Basi we si sifuri, jirani."

Kwenye kioo cha kompyuta, Dk. Talha aliinama akaandika kitu.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Nimechaguliwa, na kazi nimepewa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Farida. Mlango wake ulikuwa na kufuli jipya.

Hope, mpangaji wa chumba cha mwisho, alikuwa anafua uani.

"Kahamia Kimbiji tangu juzi," akasema. "Alikuja kukuaga, akakuta umejifungia. Akatuambia tusikusumbue, labda uko kwenye mtihani."

Juzi sikuwa na mtihani. Nilikuwa ndani, nachemsha chai.

Kwako unayesoma mtandaoni: mtihani ukiisha, fungua mlango. Waliouzoea ukiwa umefungwa hawawezi kujua kwamba umemaliza.