Kuku wa Mkono wa Mama

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, nilipomkuta kuku wetu amekufa jikoni. Leo bwenini mtu kajipaka mafuta ya nyonyo, na harufu hiyo imenirudisha palepale.

Mama alikuwa mfinyanzi. Aliteleza ziwani na mzigo wa udongo, mkono wa kulia ukavunjika. Babu mmoja muunga mifupa akaukanda kwa mafuta hayo, akaufunga kwa vijiti vya mianzi. Kisha akamvunja kuku mguu, akaufunga vilevile.

“Mtunze, mjukuu wangu,” akaniambia. “Akikanyaga huyu, mama yako atafinyanga.”

Jumamosi hiyo mama akaita kutoka ndani, “We mwanangu, mgonjwa mwenzangu amekula?”

“Amekula, mama,” nikajibu, nimemkumbatia yule kuku, amekakamaa kama ukuni.

“Basi ananishinda!” Akacheka, kisha akaugulia.

Nilimzika migombani, sikumwambia mtu. Asubuhi yake, watu walipokwenda kanisani, nilimkamata tetea mwingine mwekundu kama yule, nikamvunja mguu kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi nisiyethubutu kuimba mbele za watu, nikaimba kwa nguvu zote, mama asisikie kuku anavyolia.