Bastola Iliyorekebishwa Ilenge Haraka

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka mpakani Rusumo: wakala wa forodha niliyefahamiana naye miaka mingi amefariki ghafla, akiwa anakunywa chai. Wengi wanamlilia kwa ucheshi wake. Mimi namkumbuka kwa siku moja ambayo hadi leo ikinijia mwili unasisimka.

Alimiliki bastola kwa kibali. Majambazi walipomvamia msituni, kabla ya kufika Lusahunga, aliichomoa lakini hakuona pa kulengea. Kile kinundu cha kulengea kilicho mbele ya mtutu kilikuwa kidogo, cheusi. Wakamvunja taya kwa rungu. Alipopona aliipeleka kwa fundi wa silaha, akawekewa kinundu kipana chenye kitone chekundu kinachong'aa, na mwanya wa nyuma wa kuchungulia shabaha ukapanuliwa. "Mtu akiwa hatua tano huna muda wa kufumba jicho," aliniambia. "Ukikiona kitone tu, umemaliza."

Miezi michache baadaye alinipa lifti kwenda Biharamulo. Ilikuwa mchana. Tairi likapasukia mle mle msituni. Tukiwa tumechuchumaa kulifungua, mtu akachomoka vichakani, anatujia mbio, panga mkononi. Mwenzangu aliinuka na bastola tayari, imemwelekea yule mtu kifuani, haitikisiki hata kidogo.

"Simama!"

Yule mtu akaangusha panga, akapiga magoti. "Shikamoo mzee! Mke wangu uchungu umemshika huko shambani. Nimesikia gari."

Mwenzangu akaishusha bastola. Tulifunga tairi la akiba, tukamchukua mkewe shambani, tukampeleka hospitali, akajifungua salama. Nje ya wodi mwenzangu akaniambia: "Kidole kilishaanza kuvuta. Sijui ni nini kilichokizuia."

Wiki hiyo hiyo aliisalimisha bastola polisi. Woga haukumtoka, kila alipopita njia ile alipandisha vioo, jasho likimtiririka.

Siwalaumu wanaojilinda. Watu wameuawa kwenye barabara zetu, na tangu enzi za kambi za wakimbizi za Lukole wengi wetu tumezoea kumtazama mgeni mikono kabla ya uso. Lakini fundi aliongeza wepesi wa kulenga tu. Kumtambua anayelengwa hakukuongezeka. Hilo bado ni letu, na linahitaji muda. Tukiendelea kuufupisha muda huo kwa sababu ya hofu, ipo siku tutamuua mtu aliyekuja kutuomba msaada.