Mti Niliokata Nipande Nyanya

Kabla hujacheka, ningetaka ushike mkono wangu wa kulia. Najua haiwezekani kwa karatasi. Lakini wako watu mjini Kondele ambao walikuwa wakinunua masanduku ya bati kwangu, na wao wameushika, na wote waliuachilia haraka. Ni baridi. Si baridi ya mvua, ni baridi ya samaki aliyelala kwenye barafu tangu jana. Daktari aliupima akasema damu inapita vizuri. Sasa kama damu inapita, hiyo baridi inatoka wapi? Mimi niliachia shule darasa la nne, sina jibu. Nitaeleza tu nilichoona, na majina nitataja, maana walionifanyia hivi bado wanakula ugali wao kwa amani.

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili na sikuwa na boma. Wewe wa mahali pengine labda huoni ubaya wake. Kwetu Seme, mwanaume akienda kijijini bila boma lake, analala kwenye simba, yaani kile kibanda cha ujana alichojenga ndani ya boma la baba yake. Mimi na mke wangu Atieno, watu wenye wajukuu, tukienda mazishini tulikuwa tunalala kwenye simba inayovuja, miguu ikitokea nje ya godoro. Atieno alikuwa ameishi chumba cha kupanga Kondele miaka thelathini. Siku moja akaniambia, "Baba Akoth, nikifa leo utanishusha kaburini wapi? Kwa mlango wa nani?" Hakulia. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Hilo swali ndilo lililonitoa Kondele.

Baba yangu alikuwa amekufa zamani, kwa hivyo mtu wa kunionyesha mahali pa kujenga alikuwa ndugu yake mdogo, mzee Oloo. Huyo ndiye wa kwanza. Liandike hilo jina. Alinipeleka kwenye kipande cha baba, kule kwenye mteremko, mahali ambapo mtoto wake Wasonga alikuwa anachunga mbuzi kana kwamba ardhi ni yake. Palikuwa na mti mmoja tu mkubwa, wa yago, ule wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa kamba. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, laini, wakati pengine pote ni mawe.

"Bustani weka hapa," mzee Oloo akasema. "Nyumba jenga pale juu. Anza na bustani ili mama akihamia apate mboga."

"Na huu mti, Baba?"

Aliutazama kidogo. Akatoa njugu mfukoni, akatafuna. "Unafyonza maji. Kata."

Nimerudia hayo maneno kichwani mara ngapi? Kata. Hakusema kingine. Wasonga alikuwa pale, ameegemea fimbo yake, akatazama chini. Na kitu kingine ambacho nilikiona na sikukitilia maanani: mbuzi wake walikula kila kitu kwenye ule mteremko, hata miiba, lakini chini ya yago nyasi zilikuwa zimesimama hadi magotini. Mbuzi, niamini, mbuzi walikuwa na akili kuliko mimi.

Shoka lilinichukua siku mbili. Nikachoma matawi, nikaacha kisiki, nikalima. Tukapanda sukuma wiki na nyanya, Atieno akaweka migomba mitatu upande wa chini. Nikamwita Ogola, fundi kutoka Kombewa, aje achimbe mashimo ya nguzo za nyumba. Tulikuwa na furaha, siwezi kudanganya. Jioni Atieno alikuwa anakaa kwenye jiwe, anatazama mahali mlango utakuwa, anacheka peke yake.

Sasa sikiliza. Kwetu jembe linashikwa mapema, kabla jua halijachomoza, kwa sababu saa nne hakuna anayeweza kulima. Asubuhi moja nikateremka bustanini, bado giza lina weupe kidogo, na nikasikia jembe. Mtu alikuwa analima upande ule mwingine wa kisiki. Kijana wa miaka kama ishirini, kaptura ya khaki, shati imeshikana na mgongo. Nikadhani ni jasho. Alikuwa analima kwa mkono wa kushoto, na analima vizuri, si kama hawa vijana wa siku hizi.

"Wewe ni wa nani?" nikauliza.

"Wa hapa hapa. Hujambo, Obambo?"

Nilikasirika. Obambo ni samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani, na nilipokuwa mtoto niliitwa hivyo kwa sababu ya mbavu. Lakini nani bado anakumbuka? Nikamwambia, "Kijana, mimi ni rika la baba yako. Niite mzee."

Akacheka sana, akajishika kiuno. "Mzee! Obambo amekuwa mzee! Hata kunya ulikuwa unasindikizwa."

"Ni Wasonga amekutuma?"

"Wasonga ni nani?"

Nikageuka kuweka ndoo chini ili nimjibu kwa jembe. Nilipoinua kichwa hakuwepo. Nikasema ameingia kwenye miwa ya jirani. Ni kweli miwa ilikuwa mbali kidogo, lakini mtu akitaka maelezo anayapata, si ndiyo?

Mvua ya kwanza ikanyesha. Nikaamka mapema niweke mahindi, nikakuta mstari wa kwanza, ule wa juu kabisa, umeshapandwa. Umefunikwa vizuri, hatua kwa hatua, sawa kama uzi. Nikamuuliza Atieno, akasema hakutoka simba. Akaniambia, "Acha. Anayekupandia si adui." Lakini mimi nilikuwa nimeshajazwa hasira. Kwetu mkubwa ndiye anayetia mbegu ardhini kwanza, wengine wanafuata. Sasa nani huyo anajifanya mkubwa kwenye shamba langu? Niliufukua ule mstari wote, punje kwa punje, nikawatupia kuku wa mzee Oloo. Kuku walizunguka zile punje, wakaondoka.

Nilichanganyikiwa, lakini nikaendelea. Ndivyo mjinga alivyo, akichanganyikiwa anaongeza mwendo.

Nguzo zikasimamishwa. Kesho yake nguzo ya mlango ilikuwa imelala chini, nzima nzima, na shimo lake limejaa maji. Mashimo mengine makavu. Tukairudisha, tukashindilia mawe. Kesho yake imelala tena. Mara ya tatu Ogola akavua kofia.

"Mzee, nimejenga Seme yote. Nguzo hazitoki kwenda haja."

"Ni Wasonga anazing'oa."

"Wasonga? Kwa hiyo mikono ya kushikia simu? Na nyayo zake ziko wapi?" Akaonja maji ya shimo kwa ncha ya kidole, akatema. "Haya ni maji ya ziwa, mzee. Yana ladha ya omena, vile vidagaa."

Kutoka pale hadi ziwani ni mwendo wa saa nzima. Ogola akakusanya vyombo vyake, akasema mama yake ni mgonjwa. Mama yake namjua, alikuwa anauza mandazi Kombewa siku hiyo hiyo.

Nikaamua kuvizia. Sikungoja sana. Kabla ya mapambazuko nilimkuta yule kijana amekaa juu ya kisiki, miguu ndani ya nyanya zangu, maji yanamtiririka kwenye kaptura. Na haikuwa imenyesha. Nilikuwa na maswali mengi lakini lililotoka ni la kijinga: "Kwa nini unakanyaga nyanya?"

"Kwa nini ulikata?" akasema. Safari hii hakucheka. "Obambo, mimi sina ugomvi. Weka yangu kwanza. Hata kama ya kuku tu. Halafu utaweka yako."

"Yako nini?"

"Utanipitaje, ndugu yangu? Mlango wako utaufunguaje na mimi niko nje?"

Niamini, hata hapo sikuelewa. Nilisikia kijana anadai ardhi. Kichwani mwangu palikuwa na Wasonga tu, Wasonga na baba yake, wananitisha nirudi Kondele. Nikamshika kifundo cha mkono kwa mkono wangu wa kulia ili nimburute hadi kwa chifu.

Umewahi kushika mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ambaye amekufa jana? Ule utelezi, ule ubaridi unaoingia hadi kwenye jino? Nilishika hivyo. Na hakuvuta mkono. Alinitazama tu, na nikaona usoni mwake pua ya mama yangu. Pua ya mama, kabisa, na kile kikovu cha nyusi ambacho mama alikuwa akisema mwanawe wa kwanza alikipata kwa jiko. Kisha vidole vyangu vilikuwa vimefumba hewa, vinatiririka maji. Palipokucha nilitafuta nyayo. Zilikuwepo, za miguu mitupu. Zote zilitoka kwenye kisiki. Hakuna hata moja iliyorudi.

Nilikimbilia kwa Mama Pilista, mke wa pili wa baba yangu, mzee wa miguu mibovu ambaye hakuwahi kuteremka bustanini. Nikamweleza huku nimeukumbatia mkono. Mzee Oloo alikuwa pale pale kwake, anangoja chai.

Mama Pilista akauliza kitu kimoja tu. "Mti wa yago uko?"

"Niliukata, Mama."

Aliweka kikombe chini pole pole, kama kinachoweza kulipuka. "Basi umemkata Ouma."

Kuhusu Ouma nilijua kidogo. Alikuwa ndugu yangu mkubwa, alizama ziwani nikiwa na miaka sita. Kwetu nyumbani kifo chake hakikuzungumziwa, mama alikuwa hawezi. Nilichokuwa sijui ni hiki: hakuonekana. Na mtu ambaye mwili wake haukuonekana, Waluo tunazika tunda la yago mahali pake. Linalazwa kaburini, linaliliwa, linafunikwa, kama mtu. Siku hiyo mimi nilikuwa nimepelekwa kwa nyanya yangu upande wa Sondu. Lile tunda liliota. Miti ya yago iko mingi Seme, ungejuaje ni upi una jina la mtu?

Na mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Hilo kila mtoto analijua. Mimi nilidhani aliyekufa hana zamu tena. Kumbe kama alikufa kabla ya kujenga, anasimamishiwa kibanda kwanza, hata kidogo kama cha kuku, ndipo mdogo apite. Na anayepaswa kusema hivyo ni mzee anayekuonyesha kiwanja.

Mama Pilista akamgeukia mzee Oloo. "Si uliniambia kijana ameelezwa?"

"Nilidhani anajua," akasema.

"Na mti? Ulidhani unajikata?"

Mzee alikunywa chai. Mungu ni shahidi, alimaliza kikombe. Ni yeye aliyembeba Ouma, yaani lile tunda, kwa mikono yake hadi kaburini. Alijua kila hatua. Lakini mbona basi alipotoka nje nilimwona anafuta macho? Hapo ndipo nashindwa. Usiku fulani nasema alitaka niogope niache ardhi kwa Wasonga. Usiku mwingine nasema labda uzee ulimla kichwa. Kisha namkumbuka akitafuna zile njugu, na hasira inarudi ilipokuwa.

Nilijenga kibanda cha Ouma siku hiyo hiyo, upande wa juu, udongo na nyasi, mlango ukitazama kisiki. Nilijenga kwa mkono mmoja. Atieno alikanda udongo, Mama Pilista akabebwa kwa kiti akaja akakaa, akaliita jina la Ouma kwa sauti, mara ya kwanza tangu mama afe. Tuliposimamisha nguzo ya mlango wetu ilisimama. Imesimama mpaka leo. Atieno ana mlango wake, na nikifa mimi au yeye, panajulikana pa kutushusha.

Kwa hiyo nilipata boma. Sitasema sikupata. Lakini mkono haukurudi. Nyundo siwezi, mkasi wa bati siwezi, Kondele nimepaacha. Kila mvua ya kwanza nakuta mstari wa juu umeshapandwa, na siku hizi naungoja, sipandi kabla yake. Mahindi ya mstari huo hatuyali, na hakuna mnyama anayeyagusa. Kwenye kisiki limetoka chipukizi. Nimelizungushia waya.

Nimejifunza kulima kwa kushoto. Hata haya nayaandika kwa kushoto, ndiyo maana herufi zinalala. Juzi bibi mmoja aliyekuwa amehama zamani alipita barabarani alfajiri, akasimama, akaita kutoka kule juu, "Ouma! Ouma wee, kumbe ulirudi?" Nilitaka kumwambia si mimi. Mdomo ulifunguka. Nikajikuta nimeinua jembe kumsalimia.

Wewe unayerudi nyumbani kujenga, pesa yako mkononi na miche yako ndani ya gari, hebu simama kwanza. Usiulize mwanaume anayekuonyesha kiwanja, huyo ana mbuzi wake. Tafuta mama mzee asiyeweza kutembea, mpelekee sukari, kaa chini umuulize nani alikuwa mbele yako. Na ukiona mahali mbuzi hawali, rudisha jembe begani.

Atieno ananiita chai. Nasikia pia jembe kule chini, na langu liko hapa, limeegemea ukuta.