Chumba cha Bibi wa Ngome

Tulipohamia Ibra, mji wa Kiarabu wa babu zetu, miaka ya tisini, majirani walituita Wazanzibari, na hawakuwa wakitusifu. Baba kazaliwa Unguja, na jina hilo lilimchoma. Jibu lake lilikuwa moja: sisi ni kizazi cha Bibi wa ngome, binti wa mtawala wa zama za kale, aliyeozwa mtoto wa ami yake ili ndugu waache kuuana. Baba aliwajua kwa majina babu wote wa Bibi huyo, mumewe na wanawe. Siku moja nikamuuliza Bibi mwenyewe alikufaje.

"Kwa heshima," akasema, akabadilisha mazungumzo.

Wakati huo dada yangu alikuwa kachumbiwa na mwalimu wa Nizwa, kijana wa watu, na wakipendana. Baba mwenyewe aliridhia.

Ijumaa moja Baba akatupeleka kwa mzee wa ukoo wa Bibi, kwenye ngome yenyewe. Wanaume walikaa barazani, sisi wanawake chumba cha pili, pazia katikati. Baba akaisoma nasaba yake kwa moyo, kutoka kwake mpaka kwa Bibi, hakukwama hata mara moja. Nilijivuna kama nimesoma mimi.

Mzee akasema, "Wallahi, nyinyi damu yetu." Tukamsikia Baba akilia kwa furaha. "Na binti wa damu yetu haolewi nje," mzee akaendelea. "Mwanangu ndiye mwenye haki naye."

Yule mwalimu Baba hakumtaja. Kukataa kulikuwa sawa na kusema nasaba ile kaizua. Tena msemo wake wa kila siku ulikuwa mkataa kwao ni mtumwa.

Mama akanong'ona, "Katafuta kwao, sasa kwao kumempata."

Mke wa mzee akapiga vigelegele, akamshika dada mkono, akatupandisha ghorofani kwenye chumba alichokaa Bibi mpaka mauti yake. Maharusi wao wote, akasema, huanzia hapo. Chumba kilikuwa na kidirisha kimoja, juu, usichokifikia.

Dada akasimama mlangoni, hakuingia. "Shangazi, mbona komeo liko nje?"

"Mume wa Bibi ndiye aliyelitia," akajibu kwa upole. "Mambo ya zamani hayo, mwanangu."

Nikalisukuma, nikitaraji kutu. Likateleza bila sauti. Niliogopa, nikavificha vidole vyangu kwenye buibui ili dada asiyaone mafuta ya lile komeo.